Gharama ya Kusimama Juani

Tumezoea kuigawa miti mafungu mawili, ya ukame na ya mvua. Mgunga, mbuyu, mwarobaini na mukau tunaiweka fungu la kwanza. Mvule, mparachichi na miti mikubwa ya misitu ya milimani tunaiweka fungu la pili. Mgawanyo huu unarahisisha mazungumzo, wala si wa uongo kabisa, lakini umezaa imani kwamba kustahimili ukame ni sifa iliyofungiwa ndani ya aina ya mti, itakayoandamana nao popote utakapopandwa. Juu ya imani hiyo hujengwa mipango mikubwa. Kenya ilitangaza mwaka 2022 kwamba itapanda miti bilioni 15 ifikapo 2032, na tarakimu ya namna hiyo ni rahisi mno kuifikiria kana kwamba ukishapata orodha ya miti migumu, kazi iliyobaki ni majembe na mashimo. Naona hapo tunatazama pasipo. Ukiyafuata maji ndani ya shina, kutoka udongoni hadi kwenye jani, utakuta kwamba mti wa nyika kavu na mti wa msitu wenye ukungu kila asubuhi, yote miwili inaishi karibu na ukomo wa kiu yake, kila mmoja kwa kipimo cha mahali pake. Utakuta pia kwamba ugumu tunaousifia una malipo: mara mti hulipa kwa njaa, mara kwa kudumaa, na mara anayelipa ni jirani ambaye maji yake yamechukuliwa.

Kwanza tukumbuke kwamba maji kupanda mti ni jambo gumu kuliko linavyoonekana. Pampu ya kunyonya iliyowekwa juu ya kisima haiwezi kuyapandisha maji zaidi ya takriban mita 10, hata iwe imara namna gani. Galileo aliitaja kadhia hiyo katika kitabu chake cha 1638, na Torricelli, mfuasi wake, akaeleza sababu katika barua ya mwaka 1644: pampu haiyavuti maji, hewa ya nje ndiyo inayoyasukuma kwa uzito wake, na nguvu ya uzito huo huishia kwenye mita 10 hivi. Mrija wa soda hufanya kazi kwa njia hiyo hiyo, ndiyo maana kuufananisha mti na mrija, kama tulivyozoea kufanya, kunapotosha. Mwaka 2016 Andreas Hemp na wenzake walitangaza kwamba katika bonde moja la Mlima Kilimanjaro kuna mti wa aina ya Entandrophragma excelsum wenye urefu wa mita 81.5, mrefu kuliko mti mwingine wowote wa asili unaojulikana Afrika. Maji hufika kileleni pake kila siku yenye jua, bila injini wala kelele. Hewa isingeyafikisha hata kwenye tawi la kwanza. Mizizi ina msukumo wake kweli, ule unaotoa matone kwenye ncha za nyasi alfajiri, lakini ni mdogo na jua likipanda hutoweka. Nayo tabia ya maji kupanda yenyewe kwenye vijia vyembamba haitoshi: katika kijia chenye kipenyo cha sehemu moja ya kumi ya milimita, maji hupanda kama sentimita 30 tu yakakoma. Wala seli hai za shina hazifanyi kazi ya pampu. Eduard Strasburger wa Bonn, katika majaribio aliyoyachapisha mwaka 1891, alitumbukiza miti iliyokatwa ndani ya sumu; sumu ikapanda ikiua kila seli iliyoipitia, na umajimaji ukazidi kupanda juu ya maiti zile hadi ukayafikia majani.

Kwa hiyo mvutaji yuko juu, kwenye jani. Mwaka 1894 Henry Dixon na John Joly wa Dublin walipendekeza maelezo ambayo wengi waliyaona ya ajabu. Ndani ya jani, kuta za seli zimelowa, na zina matundu madogo mno kiasi kwamba uso wa maji ulionasa humo haukubali kurudi nyuma kirahisi. Jua na hewa kavu vinapochukua mvuke kutoka kwenye kuta hizo, uso wa maji hujikunja ndani ya matundu na kuyavuta maji yaliyo nyuma yake. Molekuli za maji hushikamana. Ya kwanza huivuta ya pili, hiyo nayo ya tatu, hadi kwenye mzizi na kwenye chembe za udongo. Maji yote ya mti ni nyuzi zinazoning'inia kutoka kwenye majani, zimekazwa. Nguvu inayofanya kazi hii yote ni ya jua. Mti wenyewe hautumii chakula chake hata kidogo kuyainua. Ni mpango wa bei nafuu kupita kiasi, na hatari yake imo humo humo katika unafuu, kwa sababu kitu kilichokazwa kinaweza kukatika.

Walikuwepo waliokataa, na hawakukosa sababu. Maji yaliyokazwa kwa nguvu kubwa kuliko mgandamizo wa hewa yanapaswa, kwa kanuni za kawaida, kuchemka na kugeuka mvuke. Katika miaka ya 1990 Ulrich Zimmermann wa Ujerumani na wenzake waliingiza sindano nyembamba za kupimia ndani ya vijia vya mimea hai na kupata mkazo mdogo kuliko nadharia ilivyodai, wakahitimisha kwamba lazima ipo nguvu nyingine. Mabishano yalikuwa makali, na kwa maoni yangu yaliisaidia elimu hii kuliko miaka mingi ya kukubaliana. Mwaka 1995 watafiti wa Marekani walizungusha vijiti vya miti kwa kasi kwenye mashine, wakayakaza maji yaliyomo kwa kiasi wanachokijua, na nyuzi hazikukatika. Mwaka 1999 sindano zile zile, zikitumiwa kwa uangalifu zaidi, zilipima mkazo uliolingana na nadharia hadi pale kipimo kilipofikia ukomo wake. Kisha mwaka 2008 Tobias Wheeler na Abraham Stroock wa chuo kikuu cha Cornell wakatengeneza mti wa bandia, kipande cha jeli chenye vijia visivyo na uhai wowote, na maji yakavutwa ndani yake kwa mkazo mkubwa kutokana na ukavu wa hewa tu. Baada ya hapo ni vigumu kushikilia kwamba mti unahitaji siri ya ziada.

Kipimo kilichoufanya mkazo huu uonekane kwa macho ni chepesi kukieleza. Kitawi hukatwa, uzi wa maji uliokuwa umekazwa hurudi ndani kidogo kutoka kwenye jeraha. Kitawi hicho huingizwa ndani ya chombo cha chuma, majani yakiwa ndani na ncha iliyokatwa ikichungulia nje kupitia mpira, kisha gesi huachiliwa ndani polepole. Mpimaji huinamia ile ncha na kioo cha kukuzia. Gesi inapofikia nguvu sawa na mkazo uliokuwepo mtini, uso wa mti uliokatwa hung'aa ghafla kwa unyevu, na sindano ya saa ya mgandamizo husomwa papo hapo. Per Scholander, aliyekieneza kifaa hiki kwa makala yake ya 1965, aliangusha vitawi vya vilele vya miti mirefu kwa kuvipiga risasi, akakuta kwamba kadiri unavyopanda ndivyo mkazo unavyozidi, kama hesabu ya uzito wa maji inavyotaka.

Lakini mti uliomsaidia zaidi si mrefu, na pwani ya Afrika Mashariki imejaa jamaa zake. Ni mkoko. Maji ya bahari yana chumvi inayoyazuia kuingia kwenye mzizi kwa nguvu ya takriban mara 25 ya mgandamizo wa hewa. Maana yake, mzizi unaotaka maji matamu kutoka baharini hauna budi kuvuta kwa nguvu inayopita hiyo. Scholander alipopima mikoko alipata mkazo wa mara 30 hadi 60, na maji aliyoyakamua kutoka kwenye mti yalikuwa karibu matamu kabisa. Fikiri basi juu ya mikoko ya delta ya Rufiji au ya Lamu, imesimama majini hadi mapajani mara mbili kwa siku, nayo ina kiu kali kuliko miti mingi ya bara. Hapa ndipo maana ya ukame inapobadilika. Mti hauhesabu maji yaliyopo. Unahesabu nguvu unayohitaji ili kuyapata. Udongo wa mfinyanzi unaweza kuwa na maji tele na mti ukanyauka juu yake, kwa kuwa umeyashika kwa nguvu kuliko mti unavyoweza kuvuta. Katika ghuba ya Gazi, kusini mwa Mombasa, Nele Schmitz na wenzake walichunguza ubao wa mkoko wenyewe, Rhizophora mucronata, kwenye maeneo yenye chumvi tofauti, na kuchapisha matokeo yao mwaka 2006. Penye chumvi nyingi, vijia vya maji kwenye ubao vilikuwa vingi zaidi kwa kila milimita ya mraba. Ni aina ile ile ya mti, ghuba ile ile, lakini ubao umejengwa tofauti kwa kufuata kiu ya pale ulipoota. Matokeo hayo nitayarudia, kwa sababu yanaitikisa imani yetu ya mafungu mawili kuliko hoja yoyote ya kinadharia.

Kwa nini vijia viwe vingi? Kwa sababu vingine vitakufa. Uzi wa maji ukikazwa kupita kiasi, hewa kutoka kwenye kijia jirani kilichokwisha kukauka hupenya kwenye utando mwembamba unaovitenganisha, kiputo hutanuka mara moja, na kijia kizima huacha kupitisha maji. Kukatika huku hata husikika: mwaka 1966 Milburn na Johnson walibandika kifaa cha kunasia mitetemo kwenye mbarika, mmea ambao asili yake ni Afrika Mashariki, wakasikia milio midogo midogo kadiri jani lilivyozidi kukauka. Kijia kimoja kikikatika mti hauna habari. Vikikatika vingi, vilivyobaki hubebeshwa kazi ya vyote, mkazo huongezeka, na vinavyofuata hukatika upesi zaidi. Mti wa namna hiyo unaweza kufa mvua ikiwa inanyesha, kwa kuwa barabara ya maji imekwisha kuvunjika. Sasa, mti ungeweza kujikinga kwa kujenga vijia vyembamba, vyenye kuta nene na utando mzito. Iko miti inayofanya hivyo. Mtarakwa na jamaa zake huhimili mkazo ambao ungeumaliza mti wa msitu wa mvua kabla ya adhuhuri. Ila hesabu ya mtiririko haina huruma. Kipenyo cha kijia kikiongezeka mara mbili, maji yanayopita huongezeka mara 16. Anayejenga vyembamba kwa ajili ya usalama amejinyima maji mengi siku za neema, na kuta nene zinataka chakula kuzijenga.

Hapo tunafika kwenye njaa. Jani halitoi mvuke kwa kupenda. Linafungua vitundu vyake ili kuingiza hewa ya ukaa, malighafi ya chakula chote cha mti, na kupitia vitundu hivyo hivyo maji hutoroka: kwa kila molekuli moja ya hewa ya ukaa inayoingia, mamia ya molekuli za maji hutoka. Mti hauna mlango mwingine. Jua likiwaka na udongo ukikauka, una njia mbili. Unaweza kufunga vitundu mapema, ukaokoa vijia na kuanza kula akiba ya wanga. Au unaweza kuviacha wazi, ukaendelea kula huku ukihatarisha nyuzi za maji. Ukame wa mwanzoni mwa miaka ya 2000 kusini magharibi mwa Marekani uliziweka njia hizo mbili bega kwa bega. Misonobari midogo ya New Mexico ilifunga mapema, ikadhoofika, mbawakawa wa magome wakaivamia, ikafa kwa mamilioni. Mireteni, jamaa wa mtarakwa, iliyoota katikati yake iliacha vitundu wazi kwa muda mrefu zaidi, na mingi ilipona kwa kuwa ubao wake unahimili mkazo. Mtu angeweza kusema basi kwamba njaa ndiyo muuaji. Lakini huko Caxiuanã, katika Amazon ya Brazili, watafiti walitandaza mapaa ya plastiki chini ya vichwa vya miti tangu mwanzoni mwa miaka hiyo ya 2000 wakiizuia karibu nusu ya mvua isifike ardhini, na ripoti yao ya 2015 ilionyesha kwamba miti mikubwa iliyokufa haikuwa imeishiwa na wanga. Vijia vyake vilikuwa vimekatika. Njaa na kiu ni pande mbili za mapatano yale yale, na kila mti umeyaweka mapatano yake mahali tofauti.

Mwaka 2012 Brendan Choat na wenzake wengi walikusanya vipimo vya aina 226 za miti kutoka maeneo 81 duniani, kuanzia misitu ya mvua hadi vichaka vya nusu jangwa, wakalinganisha mambo mawili: mkazo mkubwa kabisa ambao mti hukutana nao mahali pake, na mkazo unaoharibu nusu ya uwezo wake wa kupitisha maji. Ungetarajia miti ya nyika iwe na nafasi kubwa kati ya hayo mawili, na ya msitu wa mvua iwe na nafasi ndogo. Haikuwa hivyo. Asilimia 70 ya aina zote zilikuwa na nafasi finyu, isiyozidi mara 10 ya mgandamizo wa hewa, pawe pana mvua nyingi au kidogo. Mti wa ukame una ubao mgumu kweli, lakini unauvuta ubao huo hadi karibu na mwisho wake. Naona sababu haiko mbali. Mti uliojiwekea usalama wa ziada usiouhitaji umetumia chakula ambacho jirani yake amekitumia kurefuka. Miaka michache baadaye uko kivulini. Msitu hauvumilii wenye tahadhari kupita kiasi. Wanaobaki ni wale waliokadiria ukame wa mahali pao na kuongeza kidogo tu, na makadirio hayo yamefanywa kwa hali ya hewa ya zamani.

Atakayepinga ataniuliza kuhusu mbuyu. Hapo si pana ghala la maji la wazi, linalojulikana hata na tembo? Ni kweli kwamba ubao wa mbuyu ni laini na umejaa maji, na kwamba tembo wa Ruaha na Tarangire huuchimba kwa pembe na kuutafuna wakati wa kiangazi. Ingekuwa ghala lile linanywewa na mti kila siku ya ukame, hoja yangu ingeyumba. Saharah Chapotin na wenzake waliipima mibuyu ya Madagaska, jamaa wa huu wetu, na yale waliyoyachapisha mwaka 2006 yanashangaza kidogo: maji ya shina hayakutumika kuziba pengo la kila siku kati ya jani na mzizi. Yalitumika mara moja, mwishoni mwa kiangazi, kuchipua majani mapya kabla ya mvua, na hata majani hayo yakiwa yamechanua, vitundu vyake vilibaki vimefungwa hadi udongo ulipolowa. Sehemu kubwa ya maji yale inafanya kazi nyingine kabisa, ya kuliweka shina wima, kwa kuwa seli zake zina kuta nyembamba ambazo bila kujazwa zingebonyea. Mbuyu hauushindi ukame kwa kunywa akiba. Huukwepa kwa kupukutisha majani na kusimama mtupu kwa miezi mingi, bila kula ila kile kidogo kinachotengenezwa na tabaka la kijani lililo chini ya gome. Njaa ndiyo bei yake. Na hata bei hiyo haikutosha: Adrian Patrut na wenzake waliripoti mwaka 2018 kwamba katika mibuyu 13 mikongwe kuliko yote ya Afrika, 9 ilikuwa imekufa yote au sehemu zake za kale zimeanguka ndani ya takriban miaka 12, mingi ikiwa kusini mwa bara. Waliishuku hali ya hewa inayobadilika, bila kudai kwamba wamethibitisha.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi, nalo linahusu mizizi. Huko Botswana, wachimba visima waliwahi kukuta mizizi ya mti wa Boscia albitrunca kwenye kina cha mita 68 chini ya Kalahari. Mti wenye mzizi wa namna hiyo, mtu atasema, hauna mapatano yoyote na ukame, umeukimbia. Nakubali, kwa nusu. Mizizi mirefu hubadilisha maji yanayopatikana, lakini kwa kufanya hivyo humtoza mwingine. Mfano mzuri uko Tarangire, ambako Fulco Ludwig na wenzake waliichunguza migunga ya aina ya Acacia tortilis. Usiku, vitundu vya majani vikiwa vimefungwa, mizizi ya mgunga huchukua maji ya chini na kuyaachia kwenye udongo mkavu wa juu. Makadirio yao yalikuwa kati ya lita 70 na 235 kwa mti mmoja kila usiku. Habari tamu kwa anayependa kuona ujirani mwema porini. Lakini walipochimba mitaro kuzuia mizizi ya mgunga isifike kwenye nyasi, nyasi zilistawi zaidi. Mti ulikuwa ukichukua tena kuliko ulivyotoa. Sasa peleka hesabu hiyo kwenye mkaratusi, mti ambao kila mpanda miti ataapa kwamba ni mgumu. Huko Mokobulaan, Afrika Kusini, bonde lote la kijito lilipandwa Eucalyptus grandis mwaka 1969. Mwaka wa tisa kijito kilikauka kabisa. Mikaratusi ikakatwa ikiwa na miaka 16, na kijito hakikurudi kutiririka mwaka mzima hadi ikapita mingine mitano, kwa sababu maji yalibidi kwanza yajaze udongo wa chini uliokuwa umekamuliwa. Kenya ilipoamuru mwaka 2009 mikaratusi ing'olewe kandokando ya vyanzo vya maji, wenye mashamba walilalamika, na walikuwa na haki ya kulalamika, maana ni mti wa fedha za haraka. Hata hivyo mti haukosi kiu kwa sababu unakua upesi. Unakua upesi kwa sababu kiu yake inalipiwa na kijito.

Mkulima wa Dodoma anaweza kunijibu kwamba haya yote ni ya maabara, na kwamba ukipanda mwarobaini na mparachichi pamoja bila kumwagilia, utajua baada ya msimu mmoja nani mgumu. Sibishi. Ukivitoa viumbe viwili mahali pavyo na kuvitupa mahali pa tatu, kimoja kitashinda. Ninachokataa ni hatua inayofuata, ya kuamini kwamba aliyeshinda kwa ukame wa jana atashinda kwa wa kesho. Ukame wenyewe unabadilika sura. Joto likipanda kwa nyuzi moja ya Selsiasi, hewa inaweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7, na hewa isiyopata mvuke huo mahali pengine huunyonya kwenye majani. Mvua inaweza kunyesha kwa milimita zile zile za zamani na mti ukakazwa zaidi. Mgunga uliojipimia nafasi finyu kwa hewa ya karne iliyopita hauna tofauti, katika hesabu hii, na mti mrefu wa Kilimanjaro uliojipimia nafasi finyu kwa ukungu wa bonde lake.

Kinachobaki kufanyiwa kazi basi ni asili ya mbegu na malezi ya mche, mambo ambayo orodha za miti migumu huyaruka. Mikoko ya Gazi imeonyesha kwamba mti wa aina moja hujenga ubao tofauti hata ndani ya ghuba moja. Taasisi ya utafiti wa misitu ya Kenya, KEFRI, ikisaidiwa na Wajapani wa JICA, imekuwa ikikusanya vikonyo vya mukau bora kutoka sehemu mbalimbali za nyanda kavu, kuvibebesha na kuanzisha mashamba ya mbegu Kitui na Kibwezi, kisha kuwapanda watoto wa miti hiyo kwenye maeneo tofauti ili ionekane nani anastawi wapi. Ni kazi ya miaka, haitoi tarakimu za kutangazia. Upande wa malezi, mabwana misitu wanajua zoezi la kupunguza maji ya mche wiki kadhaa kabla ya kuupanda, na wanajua pia kwamba zoezi hilo huachwa mara nyingi, kwa kuwa mche uliodhikishwa hupoteza rangi na mnunuzi huupita. Mche ulionyweshwa asubuhi na jioni hadi siku ya mwisho hutoka kwenye kiriba una majani mapana, mizizi iliyojizungusha na ubao mwororo uliojengwa kwa maji ambayo hayatakuwepo. Majani hayo huanza kuvuta jua la kwanza tu linapowaka, mizizi ikiwa bado haijashikana na udongo mpya, na mkazo hupanda papo hapo. Wiki tatu baadaye mkaguzi atakayepita atahesabu mashimo yenye vijiti vikavu, na pengine ataandika kwamba aina ile haikufaa.